Safari ndefu kwa gari: namna ya kuchaji radio skana bila kuua batri wala kuunguza chombo

Kwenye barabara ya taifa nambari 4, kutoka Beni kupita Komanda, Mambasa na Epulu hadi Kisangani, msafiri hupitisha masaa mengi ndani ya msitu bila rezo ya telefone. Telefone inabaki ya kupigia picha tu. Anayetaka kujua kama daraja la mbele limekatika, au kama kuna habari ya usalama kwenye kijiji atakacholala, anategemea radio ya mkono. Na wengi hugundua jioni, saa ile wanaihitaji zaidi, kwamba radio imezimika. Mara nyingi kosa si la radio. Kosa liko katika namna ilivyochajiwa ndani ya gari.

Radio tunayoizungumzia hapa ni ile inayoitwa skana: chombo cha mkono kinachopitia masafa yenyewe, moja baada ya lingine, na kusimama pale kinaposikia sauti. Kwa msafiri wa kwetu, faida yake inaeleweka haraka. Radio Okapi, iliyoanza kusikika tarehe 25 Februari 2002, haina masafa mamoja kwa nchi nzima. Kila mji una namba yake. Radio za jamii nazo zinasikika kwa kilometa chache kisha zinapotea. Chombo kinachotafuta chenyewe kinamwacha shofere ashike usukani kwa mikono miwili. Lakini angalia kabla ya kununua: kuna skana ambazo hazipokei kabisa masafa ya FM ya radio za kawaida.

Tuje sasa kwa umeme wa gari, ambako ndiko vyombo vingi vinafia.

Volti 12 ambazo si 12

Batri ya gari ndogo tunasema ni ya volti 12, lakini namba hiyo haisimami pahali pamoja. Motere ikiwa imezimwa na batri imejaa, mita inaonyesha karibu volti 12,6. Motere ikizunguka, alternateri inapandisha umeme hadi kati ya 13,8 na 14,4. Na pale unapostarti, umeme unaweza kushuka hadi karibu na 10 kwa muda mfupi, kisha unaruka juu kwa ghafula. Kuruka huko ndiko kunaharibu vyombo vidogo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: washa motere kwanza, ndipo uchomeke chaja kwenye prize ya kuwashia sigara. Ukifika, chomoa chaja kabla ya kuzima motere. Ni jambo la sekunde mbili.

Jaribu pia prize ya gari lako siku moja kabla ya safari. Katika magari mengi yanayotoka Japani, prize inakufa pale unapoondoa ufunguo. Katika mengine inabaki na umeme usiku kucha. Chomeka chaja yenye taa ndogo, ondoa ufunguo, utazame kama taa inabaki.

Prize ikikataa kabisa, tazama fizible yake kabla ya kulaumu chaja. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ile ile ya ampea. Wako wanaoweka kipande cha waya pahali pake ili safari iendelee. Waya haukatiki, kitakachoungua ni nyaya za gari, na nyuma ya tablo hakuna mtu anayeona moto unapoanza.

Makamio ni habari nyingine

Abiria wengi wa kwetu hawasafiri kwa gari ndogo. Wanapanda kamio, kwenye kabini au juu ya mizigo. Makamio makubwa yanatumia batri mbili zilizofuatana, yaani volti 24, na motere ikizunguka zinafika karibu 28. Prize ya kabini ina sura sawa na ile ya gari ndogo, lakini umeme wake ni mara mbili.

Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiwa imeandikwa 12-24V, inafaa pote. Ikiwa imeandikwa 12V peke yake, usiichomeke kwenye kamio hata kama shofere anakuambia hakuna shida. Itatoa harufu ya plastiki, na pengine itapitisha umeme mkali hadi ndani ya radio yako.

Jua radio yako inakula nini

Si kila radio ya mkono inachajiwa namna moja. Ziko aina tatu kubwa.

Ya kwanza inatumia pile ndogo za AA, zile ambazo wengi wanaita mawe ya radio. Uniden BC125AT, kwa mfano, inaingiza mbili na inachajiwa kwa kamba ya USB. Hapa kuna mtego. Pile za kawaida za volti 1,5 hazichajiwi. Ukizilazimisha zinaweza kuvuja maji makali au kupasuka. Zinazochajiwa zimeandikwa NiMH na volti 1,2. Ndani ya Uniden hiyo, pale pile zinapowekwa, kuna kitufe kidogo cha kuchagua aina ya pile. Ukiweka pile za kawaida, kitufe kiwe upande wake, la sivyo kamba ya USB itajaribu kuzichaji.

Ya pili ina batri ya litiamu na tundu la USB, sawa na telefone. Hiyo ndiyo rahisi zaidi: chaja yoyote nzuri ya volti 5 inaitosha.

Ya tatu inachajiwa juu ya kikalio chake. Baofeng UV-5R, ambayo wengi wanaita tu “motorola”, iko katika kundi hili. Batri yake ni ya volti 7,4, na kikalio chake kinataka volti 10. Si 5 za USB, wala 12 za gari. Wanaokata waya na kuuunga moja kwa moja kwenye batri ya gari wanaunguza kikalio. Kuna kamba maalum inayopandisha volti 5 za USB hadi 10. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Kwa aina yoyote yenye tundu la duara, tazama pia alama ya + na −. Kamba inaweza kuingia vizuri kabisa na bado iwe imegeuza njia ya umeme.

Wengine wanabeba konvertiseri, kile chombo kinachogeuza volti 12 kuwa 220, kisha wanachomeka humo chaja ya nyumbani. Inafanya kazi, lakini umeme unapandishwa ili ushushwe tena, na kila mara sehemu yake inapotea kama joto. Kwa radio ndogo ni hasara bila sababu.

Chaja inayoziba sauti

Msafiri anachomeka radio, inachaji, lakini steshoni iliyokuwa inasikika vizuri sasa imejaa shhhh. Anafikiri ametoka nje ya eneo la steshoni. Hapana. Chaja nyingi za bei ndogo hukatakata umeme kwa kasi kubwa ili kushusha volti, na kazi hiyo inatoa kelele inayoingia kwenye antena.

Kuitambua ni rahisi. Sikiliza radio ikiwa peke yake, kisha chomeka chaja. Kelele ikija hapo hapo, mwenye kosa ni chaja. Ikiwa ni mlio unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa motere, tafuta upande wa alternateri. Ikiwa ni tiki-tiki inayofuata motere ya esanse, ni buji. Motere ya mazutu haina buji, kwa hiyo haina kelele hiyo.

Dawa iliyo bora haigharimu sana: usichaji na kusikiliza kwa wakati mmoja. Acha gari lichaji akiba, na radio isikilize kwa batri yake yenyewe. Mwenye radio ya pile anunue seti mbili za NiMH. Moja inakaa ndani ya radio, nyingine inachajiwa kwenye chaja ndogo ya pile. Radio inayokula miliampea 200, ikiwa na pile za miliampea-saa 2000, itakaa masaa 8 hadi 10. Masaa 4 au 5 ya barabara yanatosha kujaza seti nyingine kwa chaja ya miliampea 500. Pawabanki ya 10 000 nayo ni akiba nzuri: inaweza kujaza pile hizo mbili mara tatu au zaidi.

Na usiache radio juu ya tablo kwenye jua. Batri za litiamu hazitaki kuchajiwa zaidi ya digrii 45, na tablo ya gari lililosimama juani inapita hapo mapema. Iweke kivulini, antena ikiwa karibu na dirisha, kwa sababu bati la gari linazuia mawimbi.

Usiku: nani anaua batri?

Gari likikwama kwenye matope na watu wakalala hapo, asubuhi lisipostarti, lawama inamwangukia mwenye radio. Tuhesabu kidogo. Radio ya wati 1 inavuta karibu ampea 0,1 kwenye batri ya volti 12. Usiku wa masaa 10 ni ampea-saa 1 tu. Batri ya kawaida ya gari ndogo ina karibu 60.

Sasa weka telefone kumi za abiria, kila moja wati 10. Hizo ni ampea 8 hadi 9. Kwa masaa manne zimekula karibu 35, zaidi ya nusu ya batri. Taa mbili kubwa za mbele, wati 55 kila moja, zinakula vivyo hivyo. Batri ya kustartia motere haikutengenezwa ili kumalizwa namna hiyo, na ikishuka mara nyingi chini ya nusu inakufa mapema.

Kwa hiyo telefone zichajiwe mchana, gari likitembea. Motere ikizimwa usiku, radio peke yake ndiyo iwe na ruhusa, na ni vizuri zaidi ikitumia pile zake. Kwenye barabara kama ya Beni–Komanda, ambako magari yameshambuliwa mara nyingi na ambako yamewahi kusafiri kwa msafara wa kusindikizwa na wanajeshi, gari lisilostarti alfajiri si usumbufu tu. Ni kuachwa nyuma.

Kwenye bariera

Jambo la mwisho halihusu volti. Katika eneo lenye vita, mtu mwenye radio yenye antena ndefu na kamba nyingi anashukiwa haraka. Katiba ya 2006, ibara ya 31, inalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria nambari 20/017 ya 25 Novemba 2020 inasimamia mambo ya telekomunikasyo, na mamlaka inayohusika ni ARPTC. Uliza huko kabla ya kununua, hasa kwa chombo kinachotuma sauti kama UV-5R.

Weka ndani ya skana steshoni za radio za kawaida tu. Masafa ya jeshi na polisi si ya msafiri. Ukikaribia bariera, zima radio, chomoa kamba, uiweke pahali inapoonekana. Iliyofichwa chini ya kiti inaleta maswali mengi kuliko iliyo wazi.

Usiku wa kuamkia safari, basi, chaji seti zote mbili nyumbani, soma maandishi ya chaja, uulize shofere kama gari ni la 12 au la 24. Barabarani, gari lijaze akiba mchana. Giza likiingia na rezo ikikosekana, habari za saa moja jioni zitakukuta ukiwa na radio inayosema.