Baridi Yabisi na Huzuni ya Moyo



Mkulima wa karafuu hula kwa jasho la vidole vyake: vikikaza, hachumi wala hachambui makonyo. Kwa hiyo leo twasema habari ya baridi yabisi, tukianzia mbali, Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa.

Mji ule uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Juni na Julai baridi yake ni kali. Wako wasemao maradhi haya huletwa na baridi. Na jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa "tupa uchawi", basi si ajabu wengine wakasema mgonjwa amerogwa. Yote mawili siyo. Askari wa mwili hugeuka wakashambulia viungo waliopaswa kuvilinda, navyo vikafura. Huwapata zaidi wanawake.

Tena madhara hayakai viungoni tu. Kemikali za uvimbe ule hupita katika damu na kuugusa ubongo, zikaleta uchovu, usingizi mbaya na huzuni. Mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walijumlisha tafiti 72, wakaona wagonjwa kama 17 katika kila 100 wana maradhi ya huzuni kubwa.

Basi mwenzetu akiamka vidole vimekaza saa nzima, wiki baada ya wiki, tusimwite mvivu wala mwenye pepo. Tumpeleke hospitali mapema, kabla vidole havijapindika, dawa zipo. Na amweleze daktari habari ya moyo wake pia, asione haya.