Sauti ya Pande Zote kwa Mshahara wa Askari

Askari aliyewahi kushika lindo la usiku analijua jambo ambalo mafundi wa redio hulisoma vitabuni. Kijiti kikivunjika gizani, shingo yake hugeuka kabla hajapata kufikiri. Macho hayakuona kitu. Ni masikio mawili yaliyompasha habari. Sauti itokayo upande wa kulia hufika kwanza katika sikio la kulia, na baada ya muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde ndipo hulifikia la kushoto, tena ikiwa imefifia kidogo. Mikunjo ya sikio lenyewe nayo husaidia kutenga mbele na nyuma. Kwa tofauti ndogo kama hizo, ubongo hukata shauri: adui yuko kule.

Mitambo ya sauti izungukayo, ambayo leo huuzwa madukani kwa bei za kutisha, imejengwa juu ya kipaji hicho hicho. Mtazamaji huketi katikati, naye husikia mvua ikinyesha kila upande na helikopta ikipita juu ya kisogo chake. Si ajabu kwamba askari wengi huitamani. Lakini tuchukue mfano wa koplo mwenye watoto wanne, anayeishi katika nyumba ya kambini yenye vyumba viwili. Angependa watoto wake watazame filamu nyumbani jioni, badala ya kurandaranda kwenye vibanda vya video hadi usiku. Fedha za kununulia mtambo mpya anazo, ila ni zile zile za karo ya muhula ujao. Je, akope? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hana haja ya kukopa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ile sterio kuukuu iliyo pembeni mwa chumba chake yaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, mradi aelewe namna sauti ilivyofichwa ndani yake.

SAUTI YA NYUMA ILIKOFICHWA

Mwaka 1931 mhandisi wa Kiingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya njia ya kurekodi sauti kwa mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Mwaka 1940 kampuni ya Walt Disney ilionyesha filamu ya Fantasia mjini New York kwa mtambo uliopeleka sauti sehemu mbalimbali za ukumbi. Watu walistaajabu, lakini gharama yake ilikuwa kubwa mno, hata kumbi chache tu zikamudu kuufunga.

Ufumbuzi wa gharama ulipatikana katika miaka ya 1970, na filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ndiyo iliyoueneza sana. Wahandisi wa kampuni ya Dolby waliingiza sauti za pande nne, yaani kushoto, katikati, kulia na nyuma, ndani ya mikondo miwili tu. Maneno ya wachezaji, yanayopaswa kutoka katikati, waliyarekodi sawasawa katika mikondo yote miwili. Sauti za nyuma waliziweka kinyume: mkondo mmoja unaposukuma, wa pili huvuta. Filamu hizo zilipoingia katika kanda za video na kufika majumbani, sauti ya nyuma ilibaki humo humo, ikingoja mtu wa kuitoa.

Njia rahisi ya kuitoa ilikwisha kujulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani David Hafler, mtengenezaji wa amplifaya, alionyesha kwamba spika ikifungwa baina ya midomo miwili mikundu ya amplifaya ya sterio, hulia kwa ile tofauti tu iliyopo baina ya kushoto na kulia. Fikiri juu ya mapipa mawili ya maji yaliyounganishwa chini kwa bomba. Maji yakiwa kimo kimoja, hakuna hata tone lipitalo katika bomba. Pipa moja likizidi, papo hapo maji hutiririka. Basi spika ya nyuma ndiyo bomba lenyewe. Maneno yaliyo sawa pande zote hayapiti. Mvua, upepo, makofi ya umati na mwangwi wa bonde hupita.

VIFAA

Kinachohitajika ni amplifaya ya sterio iliyo nzima, spika mbili za mbele, spika mbili ndogo za nyuma zinazofanana, na waya wa nyuzi mbili kama ule wa taa za mezani. Spika za zamani hupatikana kwa mafundi wa redio katika kila mji. Mwenye kujua kutumia msumeno aweza kununua spika tupu na kujitengenezea makasha ya mbao, na asiyejua atawapata mafundi, kama wale wa Katwe mjini Kampala, ambao hawashindwi na kazi ya namna hiyo.

Fedha kidogo uliyo nayo iweke kwanza katika spika za mbele, kwani ndizo zibebazo maneno na muziki. Zile za nyuma zaweza kuwa duni bila hasara kubwa. Sabufa, ambayo vijana huikimbilia kwanza, na iwe ya mwisho.

Kabla hujalipa, pima. Spika ya omu 8 ikiguswa kwa mita ya fundi huonyesha kama 6 hivi. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, koili yake imekatika. Kisha chukua betri ndogo ya volti 1.5 uigusishe katika ncha za spika kwa kitambo kidogo. Utando wake ukisukumwa nje, ncha iliyoguswa na chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Itie alama nyekundu.

NAMNA YA KUUNGA

Zima amplifaya, uchomoe na plagi ukutani. Zifunge spika za mbele kama kawaida: chanya katika mdomo mwekundu, hasi katika mweusi. Halafu toa waya kutoka mdomo mwekundu wa kushoto hadi chanya ya spika ya nyuma kushoto. Toa mwingine kutoka mdomo mwekundu wa kulia hadi chanya ya spika ya nyuma kulia. Mwisho, hasi za spika hizo mbili za nyuma ziunganishe zenyewe kwa zenyewe. Waya huo wa hasi usirudi katika amplifaya. Kila kiungo kifungwe kwa tepu ya umeme, pasibaki shaba iliyo wazi.

Yako maonyo matatu, nayo yasipuuzwe. Kwanza, spika zote nne ziwe za omu 8, na amplifaya iwe imeandikwa nyuma yake kwamba yaweza kubeba hadi omu 4, maana mzigo wake huongezeka. Ikipata moto kupita kiasi, izime upesi. Pili, zipo amplifaya ambazo midomo yake myeusi haikuungana ndani. Redio nyingi za magari na amplifaya ndogo za siku hizi ni za jinsi hiyo. Ikiwa imezimwa na spika zimefunguliwa, pima kwa mita baina ya midomo miwili myeusi. Isipoonyesha sifuri au karibu nayo, usiifanyie kazi hii. Tatu, usifungue kifuniko cha amplifaya. Umeme wa volti 240 huua, na ndani yake umeme waweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Wakati wa radi, chomoa vyote.

KUJARIBU

Washa, ukiwa umeteremsha sauti, kisha uipandishe polepole. Weka taarifa ya habari. Sauti ya msomaji itoke mbele katikati, na spika za nyuma ziwe kimya au karibu na kimya. Ikiwa amplifaya ina kitufe cha mono, kibonyeze: nyuma kunyamaze kabisa. Sauti ya msomaji ikisambaa bila kukaa katikati, spika moja ya mbele imefungwa kinyume. Geuza waya zake.

Hapa yafaa kuelewa mpaka wa njia hii. Filamu iliyorekodiwa kwa mkondo mmoja, zikiwamo baadhi ya zile zilizotiwa maelezo ya mtafsiri kwa ajili ya vibanda, haina tofauti ya kushoto na kulia, kwa hiyo nyuma hakutasikika kitu. Huo si ubovu wa kazi yako. Hali kadhalika, filamu za kidijitali zilizoenea tangu miaka ya 1990 zina mikondo sita iliyotengana. Katika menyu ya televisheni au mashine, chagua sauti ya mikondo miwili, na mara nyingi sehemu ya sauti ya nyuma itabaki humo. Mtambo wa gharama huzitenga sauti vizuri zaidi. Hilo halikatazwi kusemwa. Lakini tofauti ya ubora ni ndogo mno kuliko tofauti ya bei.

KUPANGA CHUMBA

Kanuni ya kupanga haina gharama hata senti moja, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Spika mbili za mbele na kiti chako vifanye pembetatu yenye pande sawa. Zile za nyuma ziwekwe ubavuni, nyuma kidogo ya kiti, juu ya kichwa cha aliyeketi. Zisielekezwe sikioni, zigeuzie ukutani, ili sauti yake isambae. Sauti husafiri kama sentimita 34 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo huamini ile iliyotangulia kufika. Kwa hiyo zile za nyuma ziwe mbali na kiti kuliko za mbele, nafasi ikiruhusu.

Nyumba nyingi za kambini zina kuta tupu za saruji, na sauti hugonga na kurudi kama katika pipa. Pazia zito, mkeka na blanketi kuukuu ukutani huituliza. Blanketi hilo liwe lako mwenyewe. Lile la jeshi ni mali ya serikali na lina kazi yake. Usitoboe kuta za nyumba usiyoimiliki. Zitundike spika juu ya kabati au vigingi vya mbao. Tena, kila ncha ya waya itie alama, kwani amri ya uhamisho haitoi siku nyingi, na mtambo mzima uweze kuingia katika sanduku moja na kuungwa upya huko uendako.

JIRANI NA LINDO

Besi hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, na kasha likiwekwa pembeni mwa chumba huzidi kunguruma. Upande wa pili wa ukuta huenda amelala mwenzako aliyetoka doria alfajiri. Uzuri wa sauti izungukayo hautokani na makelele. Hutokana na mahali sauti inapotokea, na hayo husikika hata kwa kiasi cha chini. Kiasi hicho ndicho kitakachokuwezesha pia kuisikia kengele ya dharura, au hodi mlangoni.

Basi koplo wetu na alipe karo kwanza. Kisha siku ya mapumziko akae sakafuni pamoja na watoto wake, mmoja ashike betri, mwingine akate tepu. Jioni waweke filamu yenye mvua. Mmoja wa watoto akigeuza shingo kutazama kama dirisha limefungwa, hapo atajua kwamba waya zimeungwa sawa.