Tabaka la Kijamii na Ugonjwa wa Akili: Nani Huhesabiwa Katika Delta ya Rufiji?

Makala hii inafafanua uhusiano wa tabaka la kijamii na ugonjwa wa akili kwa kuangazia delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Hoja kuu ni kwamba takwimu za hospitali pekee haziwezi kuupima uhusiano huo, kwa kuwa tabaka huamua pia nani atafika hospitali.

Mwaka 1939, Faris na Dunham walionesha kuwa wagonjwa wa skizofrenia waliolazwa jijini Chicago walitoka zaidi katika mitaa ya mafukara. Mwaka 1958, Hollingshead na Redlich walibainisha huko New Haven kwamba saikosisi ilijitokeza zaidi miongoni mwa watu wa tabaka la chini. Matokeo ya aina hii yameelezwa kwa namna mbili: ama dhiki huzaa ugonjwa, ama ugonjwa humshusha mtu tabaka.

Katika delta, maelezo yote mawili yana mashiko. Mauaji ya Kibiti ya mwaka 2016 na 2017 yalitia hofu watu wa hali zote, na mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba. Lakini asiye na akiba ndiye aliyebaki bila chakula wala pa kuhamia. Vilevile, mvuvi anapougua, kipato hukatika, na ndugu huweza kuuza mtumbwi ili kumtibu. Akipona, hana tena chombo cha kazi.

Hata hivyo, watafiti wa New Haven waliwahesabu watu waliokuwa katika matibabu, na huko maskini alikuwa na hospitali ya serikali ya kulazwa. Mgonjwa wa Mbwera husubiri maji yajae ndipo chombo kiondoke, kisha atafute gari. Akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, safari yake huishia Dodoma. Mwenye duka hukodi boti; mvuvi wa kamba humwacha mwanawe nyumbani au kwa mganga.

Kwa hiyo, daftari la hospitali laweza kuonesha maskini wachache, si kwa sababu wana afya njema, bali kwa sababu hawakuwa na nauli. Mtafiti wa delta hana budi kuanzia kwenye kaya, la sivyo atahesabu uwezo wa kusafiri na kuuita ugonjwa.