Springi za pikipiki ya Mwalimu

Kama umewahi kupakiwa na katekista kutoka Tabora mjini kuelekea upande wa Kwihara, unajua kwamba sala nyingi husaliwa njiani kabla ya kufika kigangoni. Njia ni mchanga na mashimo. Honda ya Mwalimu wetu, ya miaka ya 1970, kila ikiingia shimoni ilipiga "ko!" mbele, na akishika breki ilipiga magoti kama muumini.

Sisi wa halmashauri ya parokia tulikwisha kuizoea, tukaitania. Mwaka ule tulimwongezea Mwalimu kigango cha tatu. Nami nilinyoosha mkono kuunga hoja, maana mzee yule hakuwahi kukataa kazi.

Siku moja nilimsindikiza kwa fundi. Fundi aliweka gogo chini ya injini hadi tairi la mbele likaning'inia, kisha akafungua vifuniko vya juu vya shokapu polepole, kiganja kikiwa kimekandamiza juu, kwa sababu springi iliyobanwa yaweza kumrukia mtu usoni. Kilichotangulia kutoka hakikuwa springi. Kilikuwa kipande cha bomba, urefu wa kidole gumba, kimekatwa kwa msumeno. Upande wa pili kilikuwepo kingine.

"Fundi wa zamani aliweka hivi," Mwalimu alisema, kama anayeungama.

Fundi hakumlaumu mwenzake. Alisema springi ikibeba miaka mingi huchoka na kufupika. Ukiiwekea kipande juu, pikipiki husimama wima, na anayeitazama atasema imepona. Lakini chuma ni kilekile, hakikuongezewa nguvu. Kimebanwa tu kabla ya safari kuanza. Oili nayo ilikuwa imevuja karibu yote. Springi hubeba uzito, oili huituliza isirudi kwa kuruka, zinahitajiana. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini hakusema mapema. Fundi ndiye aliyejibu: "Anayeipanda kila siku hawezi kujua, mzee. Inashuka kidogo kidogo."

Nilirudi nyumbani nikiwa na kipande kile cha bomba mfukoni.

Njia yetu hii ni ya mizigo tangu zamani. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32. (Wapo pia waliopita hapa wakiwa na minyororo shingoni, hao hakuna aliyewauliza wanaweza kubeba kiasi gani.) Pale Kwihara, mwaka 1872, Livingstone alikaa miezi mitano akisubiri wapagazi watoke pwani, maana bila mabega ya watu hakuwa na safari. Mwaka uliofuata mwili wake ulipita hapohapo, ukibebwa na watu wake akina Susi na Chuma, hadi Bagamoyo.

Katika sura ya sita ya Wagalatia, Mtume Paulo anatuagiza tusaidiane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atabeba wa kwake. Wengi huona anajipinga. Lakini Kigiriki chake kina maneno mawili: la kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni furushi la msafiri. Mpagazi angemwelewa mara moja. Frasila zako mbili ni zako. Mwenzako akianguka mchangani, za kwake si zake tena peke yake.

Na sisi? Tulikuwa tumempa Mwalimu kanzu mpya, makofi siku ya somo wake, na cheti kwenye fremu. Vipande vya bomba. Alisimama wima, tukasema ana nguvu.

Wiki iliyofuata spea zilipatikana. Fundi alilaza springi ya zamani kando ya mpya juu ya meza. Ya zamani ilipungua karibu upana wa kidole. Akabadilisha zote mbili, maana moja mpya na moja kuukuu huvutana. Akamimina oili kwa kipimo, kila upande sawa.

Mwalimu aliitazama ile ya zamani kwa muda mrefu, akaifunga kwenye gazeti, akaitia mkobani pamoja na kitabu cha nyimbo.

Katika kikao kilichofuata niliomba hoja ya kigango cha tatu irudishwe mezani. Mwenyekiti aliuliza nani basi atakwenda huko Jumapili. Palikuwa kimya. Mimi sina pikipiki. Nilikwenda kwa baiskeli.