Kwa Nini Nondo za Majengo ni za Chuma cha Pua

Uimara wa jengo la zege hutegemea sana nondo, ambazo hazionekani tena ujenzi unapokamilika. Zege huhimili vyema kukandamizwa, lakini uwezo wake wa kuhimili kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo huo. Boriti iliyoegemea nguzo mbili inapobeba mzigo, upande wa juu hukandamizwa na wa chini huvutwa; huko chini ndiko nondo hulazwa.

Alumini ni nyepesi: mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban kilo 2,700, ilhali ya chuma cha pua ni kilo 7,850. Hata hivyo, kwa mzigo uleule, alumini hurefuka takriban mara tatu ya chuma cha pua, na joto huitanua karibu mara mbili ya zege. Chuma cha pua hutanuka kwa kiwango kinachokaribiana na cha zege, hivyo viwili hivyo hubaki vimeshikamana.

Aidha, chuma hicho hurefuka kabla ya kukatika, hivyo nyufa hutangulia kuonekana na kuwapa watu nafasi ya kuondoka. Kupunguza nondo chini ya kiwango alichopanga mhandisi kunaweza kuifanya boriti ivunjike ghafla, bila onyo.