Nauli ya mwanafunzi: Kwa nini shilingi 200 hazimfikishi mtoto shuleni kwa wakati

Alfajiri ya kila siku ya masomo, vituo vya daladala jijini Dar es Salaam hujaa watoto waliovaa sare za shule. Nauli wanayo mkononi, tena ni nauli iliyopangwa na serikali kwa ajili yao: shilingi 200, kiwango kilicho chini sana ya kile anacholipa mtu mzima. Hata hivyo, magari mengi huwapita bila kusimama, na yanayosimama huchukua wawili au watatu tu na kuwaacha wengine.

Hali hii imezoeleka kiasi kwamba mara nyingi lawama zote huelekezwa kwa makondakta na ukali wao. Lakini chanzo chake kimo katika namna nafuu yenyewe ilivyopangwa. Bei ya mwanafunzi imeshushwa, ila hakuna aliyepewa jukumu la kulipa tofauti inayobaki.

Nafuu kubwa kwa familia

Nchini Tanzania, nauli za mabasi ya mijini hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi majukumu ya usafiri wa nchi kavu yaliyokuwa chini ya SUMATRA. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, mtu mzima anayesafiri umbali usiozidi kilomita 10 kwa daladala hulipa shilingi 600. Mwanafunzi hulipa 200.

Kwa mzazi mwenye kipato kidogo, tofauti hiyo ni kubwa. Familia yenye wanafunzi watatu, kila mmoja akipanda gari moja kwenda na moja kurudi, hutumia shilingi 1,200 kwa siku. Kwa nauli ya mtu mzima ingetumia 3,600. Mtoto anayelazimika kuunganisha magari mawili huongeza gharama hiyo maradufu.

Umuhimu wa nafuu hii umeongezeka tangu Januari 2016, serikali ilipofuta ada katika shule za umma za sekondari hadi kidato cha nne, hatua iliyofikishwa hadi kidato cha sita mwaka 2022. Ada ilipoondoka, nauli ilibaki miongoni mwa gharama ambazo mzazi hawezi kuziahirisha, kwa sababu hutakiwa kila asubuhi, tena taslimu.

Hesabu ya kondakta

Daladala nyingi huendeshwa kwa utaratibu unaojulikana kama hesabu. Mmiliki humkabidhi dereva gari, naye hutakiwa kurejesha kiasi maalumu cha fedha jioni. Mafuta hutoka katika mapato ya siku hiyohiyo. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho riziki ya dereva na kondakta wake, ambao wengi wao hawana mshahara wala mkataba wa kazi.

Katika mazingira hayo, kila nafasi ndani ya gari ina bei. Wanafunzi kumi wakichukua nafasi za watu wazima kumi katika safari fupi, gari hupoteza shilingi 4,000 kwa safari hiyo moja. Hasara hiyo haimgusi mmiliki, kwa kuwa hesabu yake haipungui. Haiigusi hazina ya serikali pia, kwa kuwa hakuna fungu linalomfuata mwanafunzi garini. Huwaangukia watu wawili walio ndani ya gari, nao ndio wanaoamua nani apande na nani abaki.

Mabadiliko ya nauli ya miaka ya karibuni yameongeza uzito wa tatizo hili. Kabla ya Mei 2022, mtu mzima alilipa shilingi 400 kwa safari fupi, hivyo wanafunzi wawili walilingana na mtu mzima mmoja. Mwezi huo nauli ya mtu mzima ilipanda hadi 500, na Desemba 2023 ikafika 600. Mara zote mbili, nauli ya mwanafunzi ilibaki 200 kwa nia njema ya kuwalinda wazazi. Matokeo yake ni kwamba sasa wanahitajika wanafunzi watatu kufikia malipo ya abiria mmoja. Kadiri nauli ya mtoto inavyolindwa, ndivyo mtoto mwenyewe anavyozidi kuwa abiria asiyetakiwa.

Anayelipa pengo ni mtoto

Pengo ambalo halikulipwa kwa fedha hulipwa kwa muda. Wanafunzi huamka usiku ili wawahi magari ya kwanza, na jioni hufika nyumbani giza limekwisha ingia. Wengine hulazimika kugeuza na gari, yaani kupanda linaloelekea mwisho wa njia ili wawe wamo ndani litakapoanza safari ya kurudi. Mwanafunzi wa aina hiyo hulipa mara mbili, na nafuu yake hupungua kwa nusu. Wanaochelewa hukosa kipindi cha kwanza, na katika baadhi ya shule huadhibiwa kwa kosa ambalo si lao.

Kwa wasichana, hatari ni kubwa zaidi. Msichana aliyeachwa kituoni, au anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule ya sekondari kijijini, huwa katika nafasi dhaifu anapopewa lifti na dereva wa bodaboda au wa gari. Lifti zinazojirudia zinaweza kugeuka deni, na wapo wanaodai lilipwe kwa ngono. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa sababu hiyo warejee shuleni. Hatua zote mbili, hata hivyo, huja baada ya madhara kutokea. Njia ya kwenda na kurudi inabaki vilevile.

Basi lisilochagua abiria

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, nauli ya mwanafunzi iliwekwa kuwa shilingi 200. Tofauti ilikuwa katika malipo: abiria hulipa kituoni kabla ya kupanda, na dereva hapokei fedha. Hana sababu ya kumpendelea mtu mzima na kumwacha mtoto.

Utaratibu huo uliondoa ubaguzi wa mlangoni, ingawa haukumaliza adha. Mabasi yanapokuwa machache saa za msongamano, mlango humilikiwa na wenye nguvu, na mtoto mwenye begi mgongoni husukumwa nyuma. Mfumo wa malipo humpa mtoto haki ya kupanda, lakini bila mabasi ya kutosha haki hiyo haimfikishi darasani.

Majirani wamechagua njia nyingine

Nchini Kenya, serikali haipangi nauli za matatu. Wamiliki na vyama vyao vya ushirika ndio wanaoamua, na bei inaweza kupanda mvua inaponyesha au shule zinapofunguliwa. Mwanafunzi hana kiwango chake maalumu kisheria. Katika miji, familia zenye uwezo hulipia mabasi ya shule, ambayo kisheria hupakwa rangi ya manjano, na familia nyingine hutegemea miguu, matatu au bodaboda.

Rwanda ilijaribu kulipa pengo lenyewe. Tangu Oktoba 2020, serikali ilichukua sehemu ya nauli ya mabasi ya umma na kuilipa kwa kampuni za usafiri, ili abiria wote, wanafunzi wakiwamo, wasibebe ongezeko la bei. Ruzuku hiyo iliondolewa Machi 2024 na nauli zikapanda. Uzoefu huo unaonyesha mambo mawili: kwamba pengo linaweza kulipwa bila kumwonea mwendesha gari, na kwamba malipo yake ni mzigo wa kudumu kwa bajeti.

Kwa wanafunzi wa bweni, Rwanda ina utaratibu mwingine. Mamlaka ya Taifa ya Mitihani na Ukaguzi wa Shule, NESA, hutangaza ratiba ya safari kwa wilaya mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Mzazi hulipa nauli, lakini mabasi hupangwa mapema na watoto wanaopitia Kigali hukusanyika mahali pamoja, hivyo hawagombei nafasi na abiria wengine.

Kusogeza shule karibu

Msaada mwingine ni kupunguza safari yenyewe. Tanzania ilianza kujenga shule za sekondari za kata kwa wingi katikati ya miaka ya 2000. Mpango wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, umeendeleza ujenzi huo kwa lengo la kufupisha umbali. Kenya nayo, ilipoanzisha shule za sekondari za chini mwaka 2023, iliziweka ndani ya shule za msingi zilizopo, na kwa uamuzi huo watoto wengi waliendelea kusoma palepale walipokuwa wakisoma.

Mzazi afanye nini?

Kwa mzazi wa Tanzania, hatua ya kwanza ni kuhakikisha mtoto ana sare au kitambulisho cha shule, kwa kuwa ndivyo vinavyomtambulisha garini. Gari linapokataa wanafunzi, namba zake za usajili, njia, mahali na saa ni taarifa zinazoweza kupelekwa LATRA au kwa askari wa usalama barabarani. Malalamiko ya jumla juu ya daladala zote hayana wa kumfikia, bali yenye namba ya gari yana mhusika. Wazazi wa mtaa mmoja pia wanaweza kukubaliana watoto wao waondoke na kurudi kwa kundi, jambo linalopunguza hatari ya lifti hasa kwa wasichana.

Hatua hizo husaidia mtoto mmoja mmoja, lakini hesabu ya kondakta inabaki palepale. Iwapo siku moja nauli ya mtu mzima itafika shilingi 800 na ya mwanafunzi ikaachwa 200, abiria mmoja atakuwa na thamani ya wanafunzi wanne. Bila kutajwa nani atalipa tofauti hiyo, itaendelea kulipwa kituoni, na watoto waliotoka nyumbani kabla ya jua.