Dirisha la nyumba ya Pwani: Kivuli na upepo kwanza, kioo baadaye

UJENZI wa nyumba za makazi umeshamiri kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Kuanzia Bunju, kupitia Mapinga na Kerege hadi Zinga na Kiromo, mashamba ya minazi na mikorosho yamegeuka viwanja. Wengi wanaohamia huko hutaka nyumba isiyomaliza umeme wa LUKU kwa kiyoyozi na feni. Hata hivyo, jambo linaloamua kwa kiasi kikubwa kama nyumba itakuwa na joto au la, yaani dirisha, ndilo hufikiriwa mwishoni, paa likiwa limekwisha kuezekwa na mwenye nyumba akiwa amesimama katika karakana ya alumini akichagua rangi ya kioo.

Utaratibu huo ni wa kinyume. Kioo ni jambo la mwisho. La kwanza ni upande ambao dirisha linatazama, la pili ni kivuli chake, na la tatu ni kiasi cha upepo linachoruhusu kupita.

Sifa ya madirisha ya kioo cha tabaka mbili au tatu imetoka katika nchi za baridi. Nyumba mashuhuri ya matumizi madogo ya nishati iliyojengwa Darmstadt, Ujerumani, na kukaliwa tangu mwaka 1991, ina madirisha ya tabaka tatu, kwa kuwa huko nje kunaweza kuwa chini ya nyuzi sifuri huku ndani pakihitaji nyuzi 20. Kazi ya tabaka hizo ni kuzuia joto la ndani lisitoroke. Bagamoyo, mchana wa Februari, nje huwa nyuzi 32 hivi, na chumba chenye kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 25, tofauti ni nyuzi saba tu. Kwa tofauti hiyo, kioo cha tabaka mbili huokoa takribani wati 20 kwa kila mita ya mraba ya dirisha ikilinganishwa na kioo kimoja.

Jua lenyewe ni habari nyingine kabisa. Mchana likianza kushuka, mwanga unaopiga dirisha la magharibi huweza kufika wati 500 kwa kila mita ya mraba, na kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto hilo. Dirisha la mita mbili za mraba huingiza wati 800 hivi, nguvu inayokaribia ya pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka chumbani. Likishaingia, joto hilo hunyonywa na sakafu na kuta, nazo hulitoa taratibu hadi usiku, wakati wenyewe wanatafuta usingizi.

Kwa bahati njema, jua la Pwani hii ni rahisi kulizuia kwa pande mbili. Bagamoyo iko nyuzi sita na ushei kusini mwa Ikweta, hivyo adhuhuri jua huwa juu sana mwaka mzima. Chukulia dirisha la urefu wa sentimita 120 ambalo paa linatokeza sentimita 30 juu yake. Upande wa kaskazini, kivuli cha sentimita 90 hutosha kulifunika lote adhuhuri ya Juni. Upande wa kusini, adhuhuri ya Desemba, nusu mita tu hutosha. Mashariki na magharibi hesabu hiyo hugoma: jua likiwa chini, dirisha hilohilo lingedai paa litokeze zaidi ya mita mbili na nusu. Ndiyo maana mwenye ramani mkononi hana budi kuweka madirisha makubwa kaskazini na kusini, na upande wa magharibi kuweka stoo, choo au baraza pana.

Wazee walilijua hilo bila hesabu. Nyumba za kale za mawe na chokaa katika Mtaa wa India, Bagamoyo, zina kuta nene, baraza, na madirisha ya mbao ambayo kivuli chake kiko nje, siyo ndani kama pazia. Pazia hulikuta jua likiwa limekwisha kuingia.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, ndiyo miezi ya joto kali, nayo hutoka kaskazini mashariki, baharini. Kusi hutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha moja tu hakipati faida kubwa ya upepo wowote, kwani hewa haiingii pasipo mahali pa kutokea. Na hapa ndipo dirisha la alumini la kusukuma linapowapunja wengi. Likiwa na upana wa sentimita 150, hufunguka sentimita 75 tu, nusu ya kilicholipiwa. La bawaba au la vioo vya luva hufunguka karibu lote. Luva zina kasoro: hazizibi vizuri, hivyo hazifai chumba cha kiyoyozi. Hapo la bawaba lenye mpira wa kuzibia ndilo chaguo.

Wavu wa mbu haukwepeki katika ukanda wenye malaria, ingawa hupunguza upepo, hasa ukishika vumbi. Dawa yake ni kuongeza ukubwa wa dirisha na kuosha wavu, siyo kuuondoa.

Kioo cha rangi, kile cha buluu kinachopendwa sana, hupunguza jua kidogo, lakini chenyewe hupata moto na kurudisha sehemu ya joto hilo ndani, tena hulazimisha taa kuwashwa mchana.

Karibu na bahari, chumvi hula chuma upesi. Alumini iliyopakwa rangi ya unga kiwandani hudumu, mradi skrubu na bawaba zake ziwe za chuma kisichoshika kutu; mvule na mninga navyo huvumilia vikitunzwa.

Maamuzi haya yote hufanyika kabla ya kumwaga zege la lenta. Aliyekwisha kujenga bado anaweza kutokeza kibaraza cha makuti juu ya dirisha la magharibi, au kupanda mwarobaini hatua chache kutoka ukutani.